"Hamkupata kitu, sasa nalipia nini?"

Juzi mama mmoja alisimama kwenye kaunta ya kliniki yetu hapa Kondele, Kisumu, risiti mkononi, akauliza kwa sauti iliyofika hadi benchi la nje: "Mmemtoa mtoto damu, mkanitoza 1,300, halafu mnaniambia hana malaria. Sasa nalipia nini?" Swali hili tunaulizwa kila mara, na wengine huuliza wakiwa tayari wamekasirika. Wacha tulijibu.

Katika zile 1,300, daktari ni 300, slaidi ya malaria (tone la damu kwenye kioo, linaloangaliwa kwa darubini) 200, hemogramu (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) 800.

Tuanze na slaidi, kwa sababu ndiyo watu huidharau. Vimelea vikiwa vingi, mtaalamu wetu huviona mara tu anapoinamia darubini. Visipoonekana, haruhusiwi kunyanyuka. Anasogeza slaidi polepole, eneo moja hadi jingine, mpaka atimize maeneo 100 ya tone nene, ndipo aandike kwamba hakuna. Kwa hiyo jibu la "hana malaria" ndilo linalotutoa jasho zaidi. Na huku kwetu ziwani, ambako kila homa hupewa jina la malaria kabla ya kupimwa, jibu hilo lina kazi kubwa: linamlazimisha daktari atafute pengine. Hemogramu ya mtoto yule ilionyesha chembe nyeupe zimepanda sana, daktari akarudia kumsikiliza kifua, kumbe ni nimonia.

Hiyo 800 nayo si ya tone la damu. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mashine hupitishwa damu ya kontroli, ile inayonunuliwa ikiwa majibu yake yanajulikana tayari. Ikitoa majibu nje ya kiwango, hatupimi mtu hadi irekebishwe. Damu hiyo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikishafunguliwa siku zake zinahesabika, wateja waje wasije. Stima ikipotea, mafuta ya jenereta tunanunua sisi.

Kama zahanati iliyo karibu nawe inakupima bure kupitia SHA, mpango wa afya wa serikali, nenda. Hatutanuna.

Kinachotuuma ni njia za mkato. Ile maarufu ni "nipime malaria na taifodi tu, nina haraka." Kipimo hicho cha taifodi, kiitwacho Widal, huangalia kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya ugonjwa, na kingamwili zaweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona, au kuonekana kwa sababu ya ugonjwa mwingine kabisa. Kijana mmoja wa boda boda alikuwa ametibiwa "taifodi sugu" mara tatu kwenye chemisti, sindano kwa sindano, na alikuja kwetu kutaka Widal ya nne. Daktari alipomuuliza maswali mawili, matatu, akasikia kiu isiyoisha na kukojoa usiku kucha. Sukari yake ya damu ilikuwa juu ya 20, kumbe ni kisukari. Kipimo cha sukari ya kidoleni ni bei ya chakula cha mchana kibandani. Zile sindano hatukuthubutu kumjumlishia.

Nyingine ni damu ya mfukoni. Mtu anamwomba jirani aliye nesi amtoe damu nyumbani, kisha anaibeba kwenye matatu kutoka Ahero, ikiwa ndani ya bomba la sindano, jua kali. Chembe zikipasuka njiani, potasiamu hupanda kwenye majibu hata kama figo zako ni nzima. Sukari nayo hushuka, kwa sababu chembe zinaendelea kuila humo ndani. Ndiyo maana tuna chupa ya kifuniko cha kijivu kwa sukari na ya zambarau kwa hemogramu, na hatuzibadilishani. Damu ya mfukoni tunairudisha, hata ukituambia sisi ni wezi.

Na mkiambiwa mje bila kula, ni muda wa saa 8 kwa maji matupu tu. Mzee mmoja aliapa hajaonja chochote tangu jana. Tulipomwuliza kuhusu chai, akashangaa: "Chai ni chakula?" Ilikuwa ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari. Tulimwambia arudi kesho, na hatukumtoza kitu kwa sababu sindano ilikuwa bado haijafunguliwa. Anayetuambia baada ya majibu kutoka hulipa mara mbili.