Vita vya ziwa, kwa magurudumu: barua kwa Rwegasira

Mwanza

Ndugu yangu Rwegasira,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mawe. Natumaini mama na watoto hawajambo, na kwamba mvua za Bukoba zimewaachia walau nusu siku ya kuanika kahawa. Sisi huku tu wazima.

Barua yako imefika. Unataka kuanzisha Bukoba matembezi ya historia ya vita ambayo mtu wa kiti mwendo atayafuata mwanzo hadi mwisho, na unauliza ya Mwanza yamepangwaje. Nakueleza yale yanayofanya kazi na yale yanayoharibu siku, nawe uchukue yanayofaa kwenu.

Kwanza kabisa, usianzie kilimani. Kila anayepanga matembezi ya historia Mwanza hukimbilia vilima, kwa sababu Wajerumani walipenda kujenga juu na mandhari ya huko ni ya kuvutia. Matokeo yake watu wawili wanabebwa mgongoni, wengine wanaachwa kwenye gari, na anayebebwa anafika juu akiwa na aibu, hasikii tena hadithi. Halafu kihistoria si lazima. Vita vya 1914 hadi 1918 upande wetu vilikuwa vita vya ziwa, vilikuja kwa maji na Wajerumani wakaondoka kwa maji. Anayekaa ufukweni, kwenye ardhi tambarare, ndiye aliye mahali penyewe. Kwa hiyo njia ya magurudumu usiihesabu kuwa njia ya pili kwa wasioweza ile ya kwanza. Wape wote hiyo hiyo.

Kituo chetu cha kwanza ni eneo la kivuko cha Kamanga, mbele ya lile jiwe ambalo Wajerumani waliliita kwa jina la Bismarck, waziri mkuu wao. Hapo inafunguliwa ramani ya ziwa zima, imechapwa kubwa na kubandikwa kwenye ubao. Anza na reli. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, hivyo meli kama Winifred zilitengenezwa Uskoti, zikaletwa vipandevipande na kuunganishwa Kisumu. Upande wa Wajerumani, reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, wakati ambapo wao hawapo tena. Ndiyo maana Waingereza walikuwa na meli kadhaa ziwani, na Wajerumani wakategemea boti ndogo ya kuvuta iliyofungwa mzinga, iliyoitwa Muansa, kwa jina la mji huu. Septemba 1914 boti hiyo ilikabiliana na Winifred huko Karungu, na Winifred ikarudi nyuma kwanza kabla ya kuja tena na mwenzake. Novemba mwaka huo meli ya Sybil iligonga mwamba ikakwama Majita, kwenye ardhi ya Wajerumani, na Waingereza walikuja kuinasua mwaka uliofuata. Wageni wa Musoma wakisikia Majita hukaa sawasawa, maana ni upande wa kwao.

Ramani hiyo iinue hadi usawa wa macho ya aliyekaa, yaani katikati yake iwe sentimita 110 hadi 120 kutoka chini. Ukiinua kwa kimo chako wewe uliyesimama, waliokaa wataona mwanga unang'aa juu ya plastiki na hakuna zaidi. Mwongozaji naye akae kwenye kigoda. Tena jua limpige yeye usoni, wageni walipe jua mgongo. Asizungumze kabla viti vyote havijageuzwa na breki kufungwa, wala asisimulie huku msafara unasogea, maana aliye kwenye kiti haoni uso wa anayemsukuma na nusu ya maneno inamezwa na bodaboda.

Kituo cha pili ni kutembea kando ya maji kuelekea upande wa Capri Point, na hapa ndipo siku huharibika au kunoga. Kikundi cha kawaida hutembea kilomita nne kwa saa. Ukiwa na viti mwendo, hesabu mbili. Njia yote isizidi kilomita mbili kwa asubuhi moja, na viti visizidi sita, la sivyo wa nyuma hawasikii na gari halitoshi. Panga msaidizi mmoja kwa kila kiti kwenye tambarare, na wawili penye mwinuko.

Adui mkubwa si mlima, ni mtaro. Mitaro yetu mingi iko wazi, na palipofunikwa kwa nondo, nafasi kati ya nondo hulingana na gurudumu dogo la mbele. Likizama, kiti kinasimama ghafla na mtu anatupwa mbele. Mwambie kwanza, "Nakuinua mbele," akishajibu ndipo ukanyage ile nondo fupi iliyo nyuma ya kiti kwa mguu, uvute vishikio chini, magurudumu madogo yainuke, uvuke kwa yale makubwa peke yake. Kupanda ukingo wa barabara ni hivyo hivyo. Kushuka ukingo, geuza kiti, kitangulie kinyumenyume, gurudumu kubwa lishuke taratibu huku umelizuia kwa paja. Mteremko mkali pia unashukwa kinyumenyume, na mtu wa pili anaangalia nyuma yako. Wakati wa kuinua kiti chenye mtu, shika fremu. Viegemeo vya mikono na vikanyagio vya miguu vimetengenezwa vitoke, na vitatoka mkononi mwako wakati mbaya kuliko wote.

Kuna wageni watakaokuja na baiskeli ya kuendesha kwa mikono, ile ya magurudumu matatu. Kwenye vumbi na changarawe inapita vizuri kuliko kiti cha hospitali, lakini ni ndefu, na kugeuka kwake kunataka uwanja. Kiti cha kawaida kinageuka ndani ya duara la sentimita 150. Baiskeli ile usiiingize kwenye uchochoro ambao hujaupima.

Ngazi ndogo utazikuta kila mahali, kwa hiyo beba ubao wa kupandia. Kanuni ni moja kwa kumi na mbili: ngazi ya sentimita 15 inataka ubao wa sentimita 180, ngazi ya sentimita 30 inataka mita 3.6, na hapo ni heri utafute mlango mwingine. Upana usipungue sentimita 80, pembeni pigilia vipande vya mbao vyenye kimo cha sentimita tano ili gurudumu lisitoke nje, na juu bandika sandapepa nene au pigilia mikanda ya mpira wa tairi. Fundi mwambie ubao ubebe kilo 200 na ushee, kwa sababu juu yake kuna mtu, kiti na anayesukuma kwa wakati mmoja. Makosa ya mafundi ni mawili. Moja, ncha ya juu haina ndoano ya kushika ngazi, hivyo ubao unateleza nyuma kiti kikiwa katikati. Pili, ncha ya chini imeachwa nene, gurudumu dogo linagonga hapo na mtu anainama mbele. Ncha hiyo irandwe hadi iwe nyembamba kabisa.

Tukifika mahali ambapo ghuba inaonekana vizuri kuelekea kusini, tunasimulia Julai 1916. Watu wengi huja wakiamini mji ulipigwa mizinga mtaa kwa mtaa. Waingereza walianza na Ukerewe mwezi Juni, kisiwa kilichowalisha Wajerumani mchele. Kisha kikosi cha Jenerali Crewe kikashushwa na meli mashariki ya Mwanza, kikaja kwa nchi kavu kutoka nyuma. Tarehe 14 Julai kiliingia mjini. Wajerumani walikuwa wameshaanza kuondoka, wakaifuata ghuba hii kwenda kusini, kisha wakashika njia ya Tabora kwa miguu, na Tabora nayo ikachukuliwa na Wabelgiji Septemba. Mwonyeshe mgeni maji yale kwa kidole na atauona mwelekeo wote bila kupanda popote. Usisahau wapagazi. Mahali pasipo reli, kila gunia na kila sanduku la risasi lilikaa kichwani mwa mtu, na wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kituo hiki kipe muda mrefu.

Ng'ambo kidogo ni kisiwa cha Saanane, na hapo unaruka hadi Vita vya Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ilitumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosa, mabomu yakaangukia Saanane, yakaua wanyama wakiwemo swala. Hadithi hii wageni huipenda sana, lakini kisiwa chenyewe ni mawe na vipandio. Isimulie ukiwa pwani, au zunguka kisiwa kwa boti bila kushuka. Ukitaka kushuka, malizana mapema na ofisi ya hifadhi, malipo ni kwa kumbukumbu namba, na uliza kina cha maji gatini wiki hiyo hiyo. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na gati lililokuwa sawa na boti mwaka jana laweza kuwa chini au juu yake leo.

Kwenye boti kuna sheria moja nisiyoilegeza: mtu hafungwi kwenye kiti. Boti ikipinduka, kiti kinazama naye. Mvalishe jaketi la kuokolea, fungua mkanda wa kiti, mhamishie kwenye benchi ikiwezekana. Kiti kifungwe kwenye boti kwa kamba, breki zikiwa zimekazwa. Nenda asubuhi, kabla ya saa nne, kwa sababu mchana upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu na mawimbi yanainuka.

Mambo ya mwili yaulize kabla ya siku, kwa simu, faraghani. Aliyeumia uti wa mgongo huenda hasikii maumivu ya kukalia, kwa hiyo kila nusu saa au chini yake ajiinue au aegemee upande ili asipate vidonda vya mgandamizo. Kagua mto wake wa kukalia. Wenye mpira wa mkojo wakaguliwe kama haujapinda wala mfuko haujajaa. Kwa aliyeumia uti wa mgongo usawa wa kifua cha juu au shingoni, kibofu kikijaa presha hupanda ghafla, kichwa kinagonga na jasho linamtoka usoni. Muweke wima, legeza nguo, nyoosha mpira, na asipotulia upesi mpeleke hospitali. Hapa ni Bugando. Nawe chagua yako mapema. Choo kipimwe kwa futi kamba: mlango uwe na sentimita 80 wazi na usifungukie ndani. Milango mingi ni 60 na kitu. Kilicho bora mara nyingi ni choo cha hoteli kilicho ghorofa ya chini, ukikubaliana nao kabla. Pumziko la choo liwe kila saa moja na nusu. Maji ya kunywa yasipunguzwe eti kukwepa choo, jua la huku halina huruma. Vyuma vya kusukumia navyo huwaka jua, beba glavu.

Kwenu Bukoba mna hadithi iliyo wazi zaidi. Tarehe 22 Juni 1915 Waingereza walishushwa kaskazini ya mji, chini ya majabali, na kesho yake wakauteka na kuubomoa mtambo wa simu ya upepo, yaani ya redio isiyo na waya. Mitambo ya namna hiyo Wajerumani walikuwa nayo mitatu tu katika koloni zima: Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam. Usiende kwenye majabali. Kaa upande wa uwanja wa mpira wa Kaitaba na uwanja wa ndege, ardhi tambarare, majabali yakionekana. Ila usishuke kwenye mchanga, gurudumu dogo linazama mara moja. Mikeka migumu miwili ya mita tatu tatu, inayotangulizwa kwa zamu, inasaidia, lakini inachosha. Na mvua zenu, panga siku ya akiba.

Kyaka iwe siku ya peke yake, kwa gari. Daraja lile la mto Kagera lililolipuliwa na majeshi ya Amin Novemba 1978 linasimuliwa vizuri ukiwa kando ya barabara, ila omba ruhusa ya kusimama na uliza kuhusu picha. Na huko, ndugu yangu, kumbuka kwamba miongoni mwa wageni wako watakuwemo walioachwa na ulemavu na vita hivyo hivyo. Usimtaje mtu kama mfano. Akitaka kusema, atasema, nawe kaa kimya na ratiba ingoje.

Ukikutana na mwenye jengo anayegoma kukuruhusu kuweka ubao, mkumbushe kwa upole Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010. Nenda na nakala mkononi.

Nitumie vipimo hivi: upana wa geti la bandari ya Bukoba, kimo cha ngazi ya kwanza ya hoteli unayofikiria, na upana wa mlango wa choo chake. Nikivipata nitakuchorea ubao, fundi wako aanze kazi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Masanja