Mosby mwenyewe alisema vita vilikuwa vya utumwa

Mhariri,

Makala mliyochapa Jumamosi iliyopita kuhusu Kanali John Singleton Mosby, kamanda wa wapanda farasi wa Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, niliisoma mara mbili. Tukio la Fairfax limesimuliwa vizuri. Mimi pia, nilipokuwa nafundisha historia, niliwasimulia wanafunzi jinsi usiku wa kuamkia Machi 9, 1863 Mosby na watu wake 29 walivyopenya hadi ndani ya ngome za jeshi la Kaskazini kule Virginia, wakamkuta Brigedia Jenerali Edwin Stoughton kitandani, wakamwamsha kwa kofi na kuondoka naye pamoja na farasi 58. Hawakufyatua risasi hata moja. Darasa zima lilikuwa kimya.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni aya yenu ya mwisho, isemayo kwamba Mosby alipigania “haki za majimbo”, yaani haki ya kila jimbo kujiamulia mambo yake, wala utumwa haukuwa kiini cha vita. Maneno hayo Mosby mwenyewe aliyakataa.

Mwaka 1894 aliandika kwamba hajapata kusikia sababu nyingine ya ugomvi ule isipokuwa utumwa. Juni 1907, akiwa mzee wa miaka 73, alimwandikia Samuel Chapman, aliyepigana chini yake, akarudia: Kusini iliingia vitani kwa ajili ya utumwa. Akamkumbusha kwamba South Carolina, jimbo la kwanza kujitenga, lilitamka hivyo lenyewe katika tangazo lake, na lenyewe ndilo lililojua kwa nini lilijitenga. Wakati huo vyama vya askari wa zamani wa Kusini vilikuwa vikisimamisha sanamu na kudai vitabu vya shule viseme vinginevyo. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa akiwapinga watu wake, waliomshangilia ujanani.

Na hakuwa mgeni wa kuchukiwa nao. Kabla ya vita alikuwa wakili aliyepinga jimbo lake kujitenga. Virginia ilipojitenga mwaka 1861, akajiunga na jeshi kama askari wa kawaida. Baada ya kuvunja kikosi chake Aprili 21, 1865, siku 12 tangu Jenerali Lee, jemadari wa Kusini, asalimu amri, alirudia uwakili, kisha mwaka 1872 akamuunga mkono Rais Grant, jemadari yuleyule aliyewashinda. Majirani walimwita msaliti, akatishiwa kuuawa. Kuanzia 1878 hadi 1885 alikuwa konseli, yaani mwakilishi wa serikali ya Marekani, kule Hong Kong, na huko nako alifichua ulaji wa ada katika ofisi aliyoirithi. Aliishi hadi 1916. Makala yenu inaishia 1865, kana kwamba miaka 51 iliyobaki haikuwapo, wakati mimi naona ndiyo iliyodai ushujaa mkubwa zaidi.

Simtetei. Katika barua hiyohiyo ya 1907 alisema haoni aibu kuwa alipigana upande wa utumwa, maana askari hupigania nchi yake, iwe na haki au isiwe nayo. Hapo nakataa kabisa. Mwaka 1860 karibu watu milioni nne walikuwa watumwa nchini Marekani, na kila treni aliyoiteka na kila daraja aliloharibu vilirefusha siku zao za minyororo. Lakini aliyejua alichokipigania akakitaja kwa jina lake ni shahidi, nasi hatuna sababu ya kumfuta kauli.

Kuna na neno moja. Mnamwita Aaron Burton, aliyefuatana na Mosby vitani, “mtumishi wake mwaminifu”. Burton alikuwa mtumwa wa familia ya Mosby. Mtumishi hulipwa, na akichoka huaga akaenda zake. Sisi wa mwambao tumerithi maneno yote mawili, mtumishi na mtumwa, na wazee wetu hawakuyachanganya. Burton alipopata uhuru alikwenda kuishi Brooklyn, New York, mbali na Virginia.

Naomba toleo lijalo msahihishe aya ile ya mwisho, na neno hilo pia.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Muheza, Tanga