Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wafugaji wa nguruwe wa malisho, mwaka 2024

Wanachama wenzangu, salamu kwenu wote, mliokuja na msiokuja, na kwa kuwa wasiokuja ndo wengi nimeona niiandike kabisa isambae, maana hapa mkutano ukiitwa kila mtu anapata msiba.

Shughuli za kawaida napita fasta mnazijua. Dawa ya minyoo tulitoa mara tatu, pete za pua tuliweka nguruwe 63, lile dume jekundu la aina ya Duroc lilipandisha majike 31, wanachama wapya watatu, wawili wetu walienda semina Vwawa wakarudi na makaratasi. Shamba letu la ekari tano tumelizungusha vipande vyote sita kwa ratiba, nguruwe wakihama kipande hadi kipande, ukitoa ile miezi ntakayoisema.

Hesabu za mapato: ada kamili 456,000, ada nusunusu 97,000, viingilio 60,000, malipo ya kupandishiwa na dume 465,000, jumla 1,078,000. Matumizi: chakula cha dume 312,000, betri ya fensi 210,000, waya na nguzo 186,000, dawa na pete 143,000, chokaa na dawa ya kuchovya miguu getini 64,000, nauli za semina 58,000, jumla 973,000. Imebaki 105,000 na iko kwa mama mweka hazina. Vocha za mwenyekiti sifuri, natumia za kwangu, na bodaboda ya kwenda kwa bwana mifugo nalipa mwenyewe, sijawahi kusema ila leo nasema.

Sasa tuje kwenye ishu yenyewe, kufunga shamba.

Jumatatu tarehe 12 Februari nilitangaza nguruwe wote watoke malishoni waingie bandani, na shamba likafungwa wiki 14 mpaka tarehe 20 Mei. Nimesemwa sana. Nimeitwa dikteta, kuna aliyesema nimelifunga ili majani yapumzike kwa ajili ya nguruwe wangu, mwingine ati nina hisa kwenye mashine ya kusaga nauza pumba. Ningekuwa na hisa ningekuwa na baiskeli ya kutengeneza kila wiki?

Kilichotokea ni hiki. Jumapili jioni nikapigiwa simu kwamba kata ya jirani nguruwe wanakufa, wanaacha kula, homa kali, masikio na tumbo vinageuka rangi kama zambarau, siku chache wamekwisha, nyumba ya kwanza kisha ya pili. Ukisikia hivo unawaza homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao dawa hauna na hapa kwetu chanjo hatuna. Tuliokuwa tunafuga wakati ule wa 2010 kwenda 2011 tunakumbuka ulivyoingia Kyela ukapanda mpaka Mbeya mjini na mwisho ukafika Dar. Mimi nilikuwa na majike manne. Baada ya siku tisa nilikuwa na shimo. Kwa iyo mtu aliyeanza kufuga juzi asinifundishe kuogopa.

Na malisho ya pamoja ndo hatari kuliko banda, hili nalisema ingawa chama chetu ni cha malisho na fensi ya umeme wa sola ni wazo langu mwenyewe. Kwenye lile shamba nguruwe wa nyumba zaidi ya ishirini wananusa tope moja, wanakunywa pipa moja. Njia ya kwenda mnadani inapita pembeni, watu wanapita na viatu vyenye tope la kila mahali, wanapita na nyama kwenye mifuko, kitimoto kikibaki mfupa unarushwa ndani ya fensi. Hiki kirusi kinakaa kwenye nyama, kwenye damu, kwenye kiatu. Bandani nyumba moja ikipata mnapoteza nyumba moja, malishoni tunapoteza chama.

Mnasema sikuitisha mkutano. Kweli sikuitisha. Katiba inataka akidi ya watu 24, na mkutano wa Januari walikuja 11. Ningesubiri watu 24 mpaka lini, nguruwe wafe ndo wafike? Niliwapigia wajumbe wa kamati, sita kati ya tisa walikubali kwa simu, wawili hawakupokea, mmoja alisema tuombe kwanza. Bwana mifugo alisema uamuzi ni mzuri, ila kwa maandishi hajanipa, nakiri.

Halafu lile swali ambalo linarudi kila siku, kwamba ugonjwa wenyewe haukuthibitishwa. Ni kweli, wale nguruwe walifukiwa kabla hajaja mtu wa kuchukua sampuli kwa iyo jibu halipo na halitakuwepo. Ila kwetu hajafa hata mmoja kwa ugonjwa huo. Watu wanasema hajafa kwa sababu ugonjwa haukuwepo. Sasa wewe umefunga mlango usiku, asubuhi unakuta mwizi hakuja, unaenda kumgombeza komeo?

Lawama moja naipokea lakini. Mama mmoja wa kitongoji cha juu, jike lake lilizaa bandani mwezi wa tatu watoto kumi, na yeye miaka yote anazalishia shambani kwenye kibanda cha nyasi. Kitoto cha shambani kinakula udongo tangu siku za mwanzo kinajipatia madini ya chuma. Cha bandani juu ya sakafu kinataka sindano ya chuma ndani ya siku tatu nne za mwanzo, maana maziwa ya mama hayatoshi. Hakujua. Nilipoenda wiki ya tatu nilikuta wanne weupe mpaka ndani ya masikio, mwanga wa jua unapita kwenye sikio kama karatasi, wanahema mbavu zinacheza, na mama wa watu amekaa kwenye ndoo anawaangalia. Wale wanne walikufa. Meseji ya sindano nilikuwa nimetuma, iko kwenye simu yangu na tarehe yake, ila simu yake haina intaneti na mimi nilijua haina. Basi. Nilimpelekea jembe moja la udongo safi amwagie kona ya banda, wale sita wakapona.

Kuhusu gharama, najua pumba ziliwatoa jasho. Ila tuambizane ukweli, wengi mlikuwa mnadhani malisho yanafuta pumba. Nguruwe sio ng'ombe, ana tumbo moja, nyasi peke yake hazimjengi. Jike lenye mimba ukimpa majani ya viazi na eneo la kufukua unaweza kumpunguzia pumba kidogo hizo siku zake 114, lakini anayekua na anayenyonyesha ukimnyima chakula unapata mnyama mrefu mwenye mgongo kama panga. Nimeona humu nguruwe wa miezi kumi anavutwa kwa kamba na mtoto wa darasa la tatu. Huyo ni mbuzi.

Na hata bila ugonjwa, ule mwezi wa pili shamba lilikuwa limechoka. Udongo wetu mwekundu masika nguruwe wasio na pete wanaufukua unakuwa uji, kipande namba nne mpaka leo hakijaota vizuri. Majani yalikuwa yanagusa waya wa chini yanakula umeme, zamu ya kufyeka hakuna aliyefika, betri ikawa inakufa saa tatu usiku. Kiangazi nako ardhi ikikauka shoti inakuwa haina nguvu, nguruwe wanaujua huo mchezo kuliko sisi, anasogeza pua anasikiliza. Na mnaoingiza nguruwe wapya nimewaambia mara mia, mfundishe kwanza nyumbani, waya mbele na ubao nyuma yake, maana nguruwe akipigwa shoti anakimbilia mbele sio nyuma. Ndo wale walioingia kwenye kahawa ya jirani mwezi wa sita tukaomba msamaha kijiji kizima.

Sasa lile jike langu jeupe. Ndio, lilionekana kisimani tarehe 3 Aprili wakati shamba limefungwa na nguruwe wote wanatakiwa bandani, na picha imezunguka. Lilivunja mlango wa banda, mimi nilikuwa kwenye msiba, msiba wa kweli. Lilikaa nje nusu saa na masikio likaungua jua, weupe hawa jua haliwafai kabisa, nililipaka mafuta ya alizeti wiki nzima. Nimejitoza faini 10,000 kama ambavyo ningemtoza yeyote, nitailipa, itaonekana hesabu za mwakani.

Jingine, vyoo. Mnunuzi wa Tunduma alikuja Septemba, mnajua anavyofanya, anamlaza nguruwe, mti mdomoni, anavuta ulimi kwa kitambaa na kupapasa chini yake. Kati ya nguruwe 14 wawili akakuta punje nyeupe, viluwiluwi vya mnyoo wa tegu vile, akaacha hao wawili na wengine wote akashusha bei kwa kusema shamba lenu chafu. Tegu halitoki hewani jamani, nguruwe anaokota kwenye kinyesi cha mtu. Nyumba mbili humu hazina choo, siwataji, wanajijua, na binadamu akimeza mayai ya tegu, viluwiluwi vyake vinaweza kufika kichwani mtu akaanza kifafa. Nimesema mwisho wa Januari 2025, mashimo yawe yamechimbwa. Mkisema ni udikteta tena sawa.

Mahudhurio na ada. Tuko 47, waliomaliza ada ya 24,000 ni 19, waliolipa nusunusu 11, na 17 hawajatoa hata mia. Elfu mbili kwa mwezi, soda ngapi hizo? Mikutano 12 imeitwa, akidi imetimia mara tatu. Ila siku ya kitimoto cha Desemba walifika 44 na wengine na mashemeji zao, nyama ikaisha saa nane. Niliondoka na supu.

Mwakani tunategemea, Mungu akijalia, kupanda viazi vitamu na desmodium, yale majani ya malisho ya jamii ya kunde, kwenye kipande cha nne na cha tano, tujaribu kutenga njia ya mnadani isipite karibu na fensi, na kama kuna mfadhili atajitokeza tupate banda la karantini kwa nguruwe wageni hata la mabanzi. Kuna mtu tumeongea naye, tuone. Uchaguzi ni Machi, mimi sijasema nagombea na sijasema sigombei.

Aliyechukua koleo la chama kwenye banda la dume alirudishe, katibu anajua ni nani.