Eksirei yako na yangu

Majengo, Moshi

Mwanangu,

Marahaba. Habari yako imenifikia kabla ya barua yako. Shangazi yako alinipigia Jumapili baada ya ibada, akauliza kama ni kweli umekataa udaktari ili ukapige eksirei nyota. Nikamwambia si nyota, ni makundi ya galaksi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mshahara.

Nimezisoma zile karatasi ulizoniachia Krismasi, taratibu, na miwani ya mama yako. Nilidhani nitakuta mambo ya kigeni, nikakuta kazi yangu imegeuzwa nyuma mbele. Mimi miaka 31 nilikuwa nawasha mionzi upande huu wa mgonjwa na kukinga kivuli chake upande wa pili. Ninyi hamwashi kitu. Gesi iliyojaa kati ya galaksi na galaksi ndani ya kundi ina joto la nyuzi milioni 10 hadi 100, inatoa eksirei yenyewe, nanyi mnakinga. Tena ni nyepesi mno: debe moja la gesi hiyo lina chembe za kuhesabika. Lakini eneo lake ni kubwa kiasi kwamba uzito wake unazishinda nyota zote za kundi. Anayetazama galaksi peke yake anahesabu maharage ya makande na kuyaruka mahindi. Na chungu chenyewe, hiyo maada ya giza, hakionekani, nacho ndicho kizito kuliko vyote. Nimeelewa sasa kwa nini mnahangaika na joto: gesi ya moto hivyo ingekuwa imeshatawanyika zamani, na joto lake linawaambia uzito wa kinachoizuia. Kama nimekosea nisahihishe, usinionee aibu.

Mionzi hiyo haifiki hata kileleni Kibo, angahewa huimeza. Ndipo nikafika kwenye ukurasa wa Uhuru, nikamwita mama yako jikoni. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani tu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani wakaipa jina hilo. Ndiyo iliyoonyesha kwamba mionzi ya makundi imetapakaa kundi zima, haitoki nukta moja. Mimi nilikuwa shule ya msingi, ng'ambo tu ya mpaka, na sikusikia lolote. Shangazi yako nimemsimulia hilo. Mshahara hajauliza tena, hadi sasa.

Vioo vya Chandra, ile darubini ya eksirei iliyoko angani, ndivyo vilivyonikosesha usingizi. Eksirei ukiielekeza kwenye kioo uso kwa uso, hairudi. Lazima ipite ikikiparuza kwa pembe ndogo sana, kama vile vijiwe ulivyokuwa ukirusha bwawa la Nyumba ya Mungu vikiruka juu ya maji. Ulikuwa na miaka saba, na ulilia jiwe likizama.

Nimesikitika kwa ajili ya Hitomi, darubini ya eksirei ya Wajapani. Ilirushwa Februari 2016, ikalitazama kundi la Perseus, ikaona gesi ya pale imetulia kuliko ilivyodhaniwa, na Machi ikapotea. Mimi niliwahi kuharibu filamu 12 kwa siku moja kwa sababu mtu alifungua mlango wa chumba cha giza, na bado nakumbuka sura ya yule mtu. Hawa walisubiri hadi Septemba 2023 ndipo XRISM, mrithi wake, ikaruka. Ukienda huko, jiandae kwa hilo zaidi ya hesabu.

Mama yako anauliza kama kahawa imekwisha. Na mimi nina ombi: ukipata picha ya Perseus, usiniletee ya karatasi. Tafuta wanaochapa kwenye filamu. Lile sanduku la taa la kusomea picha nililopewa nilipostaafu bado linawaka, isipokuwa kona ya kushoto.

Baba yako