Kabla ya kununua upanga wa Kirumi, uliza habari za msuka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki iliyopita msomaji mmoja aliuliza anunue nakala gani ya upanga wa Kirumi amzawadie kijana wake anayependa historia. Waliomjibu wote walizungumzia sura: mpini wa rangi ya dhahabu, ala yenye picha ya tai, chuma kinachong'aa kama kioo. Hakuna aliyemwambia aulize habari za msuka. Jambo hilo limeninyima usingizi, kwa sababu msuka mbovu nusura umuue mjukuu wangu.

Kwa asiyelijua neno, msuka ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, kama wa jembe au wa kisu. Upanga ukishavishwa mpini, mnunuzi anaona bapa, anaona kinga ya mkono, anaona kitako, lakini kinachovishika vyote hivyo pamoja hakionekani. Na kwa kuwa hakionekani, hapo ndipo muuzaji asiyejali anapopunguza gharama.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Kwa miaka 31 nilichora upanga wa askari wa Kirumi ubaoni kwa chaki, na miaka yote hiyo nilitamani kuushika. Nilipostaafu nikaagiza mmoja. Tangazo lilisema ni "upanga halisi wa jeshi la Roma". Ulipofika, ulipendeza sana machoni: chuma cheupe kisichoshika kutu, kitako chenye kichwa cha simba, ala nyekundu. Nikauweka kwenye mizani, ukaonyesha kilo 1 na gramu 600. Hapo hapo ningeshtuka, kwa maana panga za askari hao zilizochimbuliwa ardhini, ukizikadiria pamoja na mipini yake, zilikuwa na uzito wa kati ya gramu 700 na kilo moja hivi. Sikushtuka. Nilidhani watu wa zamani walikuwa na mikono yenye nguvu kuliko yetu.

Mjukuu wangu, mwenye miaka tisa, akaniomba nimwonyeshe askari walivyopigana. Nikaweka boksi tupu juu ya kigoda uani, yeye akaketi kando ya ukuta. Nikachoma mara mbili tatu, boksi likatoboka, akapiga makofi. Kisha akaingia ndani kunywa maji. Mimi nikaendelea, safari hii kwa kukata. Pigo la tatu nikahisi mkono umekuwa mwepesi ghafla. Ndivyo ninavyolikumbuka: wepesi, kabla hata ya kusikia kishindo. Bapa lote lilikuwa limechomoka, limeruka hatua sita, limegonga ukuta na kuangukia palepale alipokuwa ameketi mtoto. Mkononi nilibaki na mpini na kichwa cha simba.

Nilipoupasua ule mpini nilikuta kijiti cha chuma chenye hesi za skrubu, chembamba kuliko penseli, kilichochomelewa kwenye mwisho wa bapa na kukazwa kwa nati. Kilikatika palepale kilipochomelewa. Nikamwandikia muuzaji. Akajibu kwamba bidhaa yake ni ya kutundika ukutani. Ni kweli, neno "pambo" lilikuwemo kwenye tangazo, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Lakini juu, kwa herufi kubwa, aliandika "halisi".

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa hili siwafuati.

Warumi wenyewe hawakuunda silaha namna ile. Katika upanga wao mfupi, gladius, msuka na bapa vilifuliwa kuwa kitu kimoja. Msuka ulipita katikati ya kinga ya mbao, ukapita ndani ya mshikio, ambao mara nyingi ulikuwa wa mfupa uliochongwa mabonde manne ya vidole, ukapita kwenye kitako cha mbao cha mviringo, ukatokeza kwa juu. Hapo fundi aliugonga kwa nyundo, mara nyingi juu ya kitufe kidogo cha shaba, mpaka ukafura kama kichwa cha msumari na kubana kila kitu. Nakala nzuri hutengenezwa vivyo hivyo hadi leo. Kwa hiyo muulize muuzaji maswali haya kabla ya kumuuliza bei: msuka una upana gani, umetoka kwenye chuma kilekile cha bapa au umechomelewa, na umefungwaje juu? Mwenye bidhaa njema atakujibu kwa furaha, hata picha atakutumia. Anayekwepa swali amekwisha kukujibu.

Swali linalofuata ni chuma. Chuma kisichoshika kutu kinafaa sana kisu cha jikoni, lakini bapa refu la upanga likitengenezwa nacho huvunjika kwa urahisi likipigwa kwa nguvu, ndiyo maana panga nyingi za kutundika hutengenezwa kwa chuma hicho. Upanga wa kushikwa na kutumiwa unataka chuma cha kaboni kilichogumishwa kwa moto na kisha kulegezwa kidogo, ili kipinde na kurudi. Wauzaji hukitaja kwa namba kama 1055 au 1060. Tarakimu mbili za mwisho ni kiasi cha kaboni: asilimia 0.55, asilimia 0.60. Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa chuma kizuri kilichogumishwa vibaya ni kibaya vilevile, lakini muuzaji asiyejua hata namba ya chuma chake mimi siwezi kumwamini.

Ilinichukua miaka miwili kununua wa pili. Huu ni wa aina inayoitwa ya Pompeii, kwa sababu panga za namna hiyo zilipatikana katika mji huo uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Makali yake ya pande mbili yamekwenda sambamba na ncha ni fupi. Anayeijua sime hatauona mgeni. Bapa lina sentimita 48, na upanga mzima una gramu 820. Kabla ya aina hii ilikuwepo ya Mainz (jina la mji wa Ujerumani), nyembamba kiunoni na yenye ncha ndefu. Na kabla ya hiyo, ile ambayo Warumi waliiga kwa watu wa Hispania, yenye bapa la sentimita 60 na zaidi. Nayataja haya kwa sababu matangazo mengi huchanganya ncha ya aina moja na mpini wa nyingine, halafu huongeza kichwa cha simba.

Mhariri, nikuambie nilichojifunza siku nilipoushika huu wa pili, kwa sababu ndicho kinachonifanya nisiwakataze watu kununua. Miaka yote niliwaambia wanafunzi kwamba askari wa kawaida wa Roma alivaa upanga upande wa kulia na kuuchomoa kwa mkono wa kulia, na kila mwaka alikuwepo mmoja wa kubisha kwamba haiwezekani. Sikuwa na jibu zaidi ya kusema kwamba michongo kwenye makaburi ya askari inaonyesha hivyo. Sasa ninalo. Unageuza kiganja kidole gumba kielekee chini, unashika mshikio, unasukuma kitako mbele na juu, na kwa kuwa bapa ni fupi, linatoka alani bila kiwiko kwenda mbali na ubavu. Mkono wa kushoto wenye ngao hausogei hata kidogo. Mtu aliyebanwa kati ya wenzake kwenye safu anahitaji hivyo hasa. Nilifanya mara ishirini jioni ile, nikawakumbuka wale wabishi wangu mmoja mmoja.

Pia niliwahi kufundisha kwamba upanga huu ulikuwa wa kuchoma tu. Nilikosea, na nawaomba radhi niliowafundisha. Vegetius, aliyeandika wakati dola ilikuwa inaelekea kuchoka, anasifu kuchoma kuliko kukata, na anasema jeraha la kuchoma lenye kina cha inchi mbili huua. Lakini Polybius, aliyeyaona majeshi ya Roma kwa macho yake katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anasema upanga ule ulikuwa na ncha bora na makali yenye nguvu pande zote mbili. Naye Livius, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia jinsi askari wa Makedonia, mwaka 200 kabla ya Kristo, walivyotishika kuona maiti za wenzao zilizokatwa mikono na vichwa. Ukiushika upanga wenye uzito sahihi unawaelewa wote watatu. Mkono unautambua kabla ya kitabu.

Vegetius huyohuyo anaeleza kwamba askari wapya walifanya mazoezi kwa panga za mbao, zenye uzito maradufu, wakipiga nguzo iliyosimikwa ardhini. Nguzo, si mwenzao. Jeshi lililokuwa na chuma cha kutosha lilianza na mbao na nguzo. Kijana wa yule msomaji naye aanze hivyo.

Sasa niseme machache ya kuushika na kuutunza, maana nayo hayakuandikwa. Kabla ya kila zoezi nautikisa upanga karibu na sikio. Nikisikia hata mlio mdogo ndani ya mpini, siku hiyo unabaki mezani. Ukichomoa au kurudisha, shika ala kwa pande zake pana, usizungushe vidole juu ya ukingo wake, kwa kuwa makali yanaweza kupasua ngozi na mshono na kukufikia. Ukimpa mtu, uweke mezani naye auchukue. Ukikuponyoka, uache uanguke na urudishe miguu nyuma. Ni vigumu kuuzuia mkono usiudake, kwa hiyo jikumbushe mapema. Na mtoto asikae mbele yako, wala nyuma, wala pembeni, hata ukiwa na msuka bora kuliko wote.

Chuma cha kaboni hushika kutu upesi, hasa penye alama za vidole. Mimi naupangusa kwa kitambaa cha pamba kila baada ya kuugusa, kisha naupaka mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya kupikia hayafai, huganda na kunata. Usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi huvuta unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba panga nne za Kirumi zimepatikana katika pango karibu na Ein Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, baadhi zikiwa bado ndani ya ala zake za mbao baada ya miaka kama 1,900. Zilidumu kwa sababu pango lile ni kavu mno. Kabati la nyumbani si pango lile. Sheria za kuingiza na kubeba silaha yenye makali nazo hutofautiana, basi uliza kwanza kabla ya kulipa.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi moja. Gazeti lako hupokea matangazo ya panga za namna hii. Usikubali neno "halisi" mpaka muuzaji aandike, kwa herufi za ukubwa uleule, uzito wa upanga, aina ya chuma, na jinsi msuka ulivyotengenezwa. Kama ni wa kutundika, aseme hivyo kwenye mstari wa kwanza.

Nimeambatanisha picha ya ule mpini wa kwanza uliopasuliwa, pamoja na kile kijiti kando ya penseli ya mjukuu wangu. Ukiipatia nafasi pamoja na barua hii, nitashukuru sana.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu wa historia