Usimwachie Fundi Shafti ya Zamani

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo; hofu na mashaka ni juu yako na, safari hii, juu ya gari lako pia. Ama baada ya salamu, nimepata habari kupitia kwa shemeji kwamba vani yako imeanza kugonga unapokata kona ukiwa na mzigo, na kwamba fundi amekushauri ubadilishe shafti zote mbili za mbele (vile vyuma vinavyopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu) kwa pamoja, kisha umwachie zile za zamani. Hilo la kumwachia ndilo lililonifanya nikuandikie leo leo. Tafadhali usimkabidhi kitu chochote kabla hujamaliza kuisoma barua hii.

Nianze na mlio wenyewe. Mlio wa kugonga unaosikika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho na mguu ukiwa kwenye mafuta, kisha ukapotea gari linaponyooka, karibu kila mara hutoka kwenye jointi ya nje, yaani kiungo cha shafti kilicho upande wa gurudumu. Ndani yake kwa kawaida mna gololi sita za chuma zinazotembea katika mifereji yake, na mifereji hiyo ikishachimbika, gololi hukosa utulivu na kuanza kugonga. Jointi ya ndani, iliyo upande wa giaboksi, hulalamika kwa namna nyingine: gari hutetemeka unapoongeza mwendo hata kama barabara imenyooka, na mtetemo hutulia ukiachia mafuta. Kwa maelezo ya shemeji (ambaye unamjua, hutia chumvi hata kwenye mlio wa gari) mtetemo haupo kabisa. Kama ni hivyo, sioni kwa nini ununue shafti mbili nzima kwa ajili ya jointi moja ya nje.

Ili kujua ni upande upi, usitegemee masikio peke yake. Kata usukani hadi mwisho, zima gari, uiname na tochi uliangalie buti la mpira linaloifunika jointi. Lipanue kwa vidole uone ndani ya mikunjo, kwa sababu nyufa huanzia pale chini kabisa, ambapo mtu anayetazama kwa mbali hawezi kuziona. Ukikuta grisi nyeusi imerushwa kwa duara upande wa ndani wa gurudumu, jibu umelipata. Chuma cha jointi ni nadra kufa chenyewe. Hufa buti likishapasuka, grisi ikatoka, na mchanga na maji vikaingia mahali pake. Buti likibadilishwa mapema, kabla kelele haijaanza, jointi husafishwa, hutiwa grisi mpya na kuendelea na kazi. Baada ya kelele, grisi mpya hainyamazishi kitu kwa muda wa maana, hata kama fundi atakuapia.

Sasa nirudi kwenye shafti ya zamani. Ule mti wa shafti wenyewe, kama haukupinda na meno yake hayakulika, bado ni mzima, na jointi mpya ya nje inaweza kufungwa juu yake. Hata ukiamua kununua shafti kamili, unaihitaji ile ya zamani mezani ili ulinganishe urefu, idadi ya meno katika ncha zote mbili, na ile ringi ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukishika breki) kama gari lako linayo, maana ringi yenye meno pungufu itakuwashia taa ya onyo ya breki kwenye dashibodi ilhali breki zenyewe hazina kasoro. Zaidi ya hayo, wauzaji wengi wa shafti zilizokarabatiwa hupunguza bei ukirudisha ya zamani. Fundi anayekuomba umwachie “chuma chakavu” anajua vizuri sana anachoomba!

Siku ya kufunga, simama hapo hapo. Shafti isivutwe kwa nguvu kutoka katikati, kwani jointi ya ndani inaweza kuachana, na wala isiachwe ikining'inia kwa jointi moja. Ikitoka kwenye giaboksi, oili nayo humwagika, kwa hiyo pana haja ya chombo cha kukingia, sili mpya, na kupima kiwango cha oili kazi ikiisha. Ncha ya ndani ikirudishwa, ivutwe kidogo ili kuthibitisha kwamba ringi yake ya kufungia imeshika. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu iwe mpya, ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, ambacho kwa vani nyingi huzidi nyutoni-mita 200, na gari lisishushwe kwa uzito wake wote kabla nati hiyo haijabana, la sivyo beringi ya gurudumu itaumia. Grisi iwe ile ya jointi, siyo ya beringi. Na nyundo isiguse ncha yenye nyuzi. Hapo ndipo nimeona shafti nzuri nyingi zikiharibiwa.

Sasa naomba unijibu mambo machache. Mtetemo upo au haupo, ukiendesha wewe mwenyewe na siyo shemeji? Buti la upande wa pili likoje? Ni kweli kwamba uliinua springi za mbele? Maana hilo huzipindisha jointi kupita pembe yake ya kawaida, na hata mpya hazitadumu. Fundi ana spana ya kupimia nguvu, au hukaza kwa bomba refu na uzito wa mwili wake? Na zile shafti, bado ziko kwenye gari, au tayari ameshazifungua?

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi ndugu yako.