Barua kwa Salma kuhusu mchoraji wa Dzerzhinsk

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako niliipokea salama, na swali lako, kama yuko mchoraji wa Urusi wa kizazi chetu ambaye kazi yake inaweza kumgusa mtu asiyewahi kukanyaga theluji, limenikaa moyoni tangu siku ile. Yuko, na jina lake ni Pavel Otdelnov.

Alizaliwa mwaka 1979 Dzerzhinsk, mji wa viwanda vya kemikali ulio jirani na Nizhny Novgorod, ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilitengenezwa gesi ya haradali na sumu nyingine za kivita. Jamaa zake walifanya kazi katika viwanda hivyo kizazi baada ya kizazi, lakini yeye alishika brashi, akaenda Moscow na kuhitimu Taasisi ya Sanaa ya Surikov mwaka 2005. Mwalimu wake huko alikuwa Pavel Nikonov, yule ambaye picha yake ya wanajiolojia ilishutumiwa vikali mwaka 1962 kwa sababu nyuso zake zilionyesha uchovu, si ushujaa. Kwa maoni yangu, kilichomwingia Otdelnov kutoka kwa mzee huyo ni ule ukaidi wa kukataa kuipamba nchi, kwa maana namna yake ya kuchora ni tofauti kabisa na ya mwalimu wake.

Alichora kilichokuwa karibu naye, yaani Degunino, mtaa wa pembezoni kaskazini mwa Moscow, wenye maghorofa yanayofanana, nyaya za umeme na theluji iliyochafuka. Baadaye akachora maduka makubwa ya kando ya barabara kuu, yaliyokaa kama masanduku ndani ya ukungu.

Kazi iliyonishika hasa, hata hivyo, ni ile aliyoionyesha Moscow mwaka 2019 kwa jina la Promzona, maana yake eneo la viwanda, aliporudi kuutazama mji wake wa kuzaliwa. Humo utaona magofu ya viwanda kwenye turubai kubwa, mbingu zilizopauka, na ziwa la taka za kemikali ambalo wenyeji huliita Bahari Nyeupe. Nililitazama ziwa hilo kwa muda mrefu, nikidhani mwanzoni kuwa ni uwanda wa theluji uliotulia, mpaka nilipotambua kwamba weupe ule ni taka, na kwamba uzuri wenyewe ndio unaotisha. Kuna pia nyuso alizozichora kutokana na picha za wafanyakazi bora zilizokuwa zikitundikwa kwenye ubao wa heshima wa kiwanda, na pamoja nazo kumbukumbu zilizoandikwa na baba yake mwenyewe, aliyefanya kazi humo. Hapo ndipo nilipoona amekomaa, kwa kuwa mandhari yale yale matupu aliyoyazoea kuyachora yamepata watu wake.

Wapo wanaosema picha zake ni baridi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Hapaki rangi kwa hasira wala hapigi kelele, lakini ukimya ule una uchungu wa mtoto anayerudi kwao na kukuta mlango umeng'olewa.

Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022 aliondoka Urusi, na sasa anafanya kazi zake London.

Salma, uliniandikia kwamba umeiweka kando michoro ya kile kiwanda kilichofungwa karibu na kwenu, kwa kuwa uliona hakuna atakayependa kutundika kuta zilizobomoka sebuleni. Nakusihi uitoe tena. Ule mchoro wenye mlinzi aliyeketi langoni, ambaye hukummalizia mikono, nilipenda nikuulize kwa nini ulimwacha vile, na kama bado unaye, nitumie picha yake kabla ya kumgusa.

Akupendaye daima,
Zuhura